Mpiga Picha Aliyeikimbia Kamera Yake

Wiki iliyopita tulimwacha Muharami akiwa mbioni katikati ya mikorosho ya Newala, na habari ya leo ni kwamba bado hajasimama. Wewe msomaji umekula, umelala, umeamka, yeye anakimbia tu.

Kwa aliyepitwa: Muharami ni mpiga picha wa Masasi, mwenye studio jirani na stendi, fundi wa picha za pasipoti na za maharusi. Aliwahi kuishi Ulaya, katika jiji moja la baridi, ambako watu walimwogopa kwa ule weusi wake tu. Aliporudi akaapa kuwajibu kwa kamera. Akaandaa maonyesho ya picha za wanaume weusi, akayapa jina kubwa: Usiniogope.

Asubuhi hiyo alikuwa shambani akitafuta picha ya mwisho. Ghafla akatokea mwanamume mrefu, mweusi, uso kaufunga kitambaa, mgongoni kitu kinanguruma. Bwana Usiniogope akatupa kamera, akatimua.

Kamera yenyewe ilikuwa na picha zote za maonyesho, na hata moja haijasafishwa, maana Muharami ni mtu wa kesho. Na keshokutwa Dada Dorothy alikuwa anafika kutoka Dar es Salaam kuchagua picha za kwenda Ulaya. Bila kamera ile hakuna maonyesho, na ndoto ya Muharami ndiyo imekwisha.

"We kaka! Simama!" sauti ikaita nyuma yake.

Asimame? Thubutu! Aliongeza mwendo, kobazi moja likamtoka, akaliachia shamba. Mbele akaona ua wa mabua. Hakutafuta mlango. Aliupitia pale pale alipoukuta, akaangukia jamvi la makopa ya muhogo yaliyoanikwa juani.

Mwanamke aliyekuwa anayageuza makopa hayo akamtazama.

"Shikamoo mama," Muharami akasema, akiwa bado kifudifudi. Adabu kwanza, kufa baadaye.

Mwanamke yule alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi tu. Lakini alikuwa na roho nzuri, akamwitikia.

"Marahaba mwanangu. Unatafuta nini kwenye makopa yangu?"

"Nifiche! Kuna jambazi ananifukuza!"

"Jambazi? Asubuhi yote hii? Yukoje?"

"Mrefu. Mweusi. Mkubwa. Anatisha!"

Maneno yakamtoka, kisha yakamrudia masikioni. Mrefu, mweusi, mkubwa, anatisha. Aliyajua hayo. Ndiyo aliyoyasema mlinzi wa lile jengo la kule Ulaya, siku alipopiga simu kuripoti mtu wa hatari aliyesimama kwenye lifti. Mtu mwenyewe wa hatari alikuwa Muharami, kashika mkate na maziwa.

"Uso kaufunga?" mwanamke akauliza.

"Kaufunga!"

"Na mgongoni ana kitu?"

"Ana silaha, inanguruma!"

Mwanamke akaketi juu ya kinu, akajifuta mikono kwenye kanga. Jina lake Wema, na siku hiyo wema wake ulikuwa unapimwa, kwa sababu kicheko kilikuwa kimemfika kooni.

"Kaka, huyo ni Baba Loveness. Mume wangu. Anapulizia salfa."

Hapa msomaji wa Masasi ameshaweka gazeti chini ili acheke vizuri. Kwa wa mbali nieleze: maua ya korosho yanapata ubwiri, dawa yake ni unga wa salfa, na unga hupulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni, alfajiri, umande ukiwepo. Mpulizaji hufunga uso ili asikohoe. Hakuna mtoto wa huku asiyejua hivyo. Baba yake Muharami alikuwa na mikorosho Chiwata, na Muharami mwenyewe alikulia ndani ya vumbi la salfa. Kwake kuikimbia mashine ile ni sawa na mpishi kukimbia mwiko.

Basi alikimbia nini? Swali hilo alijiuliza pale pale jamvini, akakosa pa kuliweka. Mashine aliijua. Kitambaa alikijua. Kilichobaki ni mtu.

Mlango wa ua ukafunguliwa. Akaingia mwanamume ambaye ilibidi ainame kidogo. Alikuwa amejaa unga wa manjano toka nywele hadi viatu, mashine bado iko mgongoni, kobazi mkono mmoja. Shingoni kavaa kamera ya Muharami kama mkufu.

"Huyu hapa!" akasema. "Mama Loveness, mwanariadha wako kafika!"

Akashusha mashine, akafungua kitambaa. Chini yake kulikuwa na uso wa mtu mzima mwenye meno yenye mwanya, anacheka hadi salfa inamdondoka kwenye nyusi. Huyo ndiye Optatus, jambazi wetu.

"Kaka, wewe kabila gani, mtu wa mbio hivi?"

"Myao," Muharami akajibu kwa sauti ndogo. "Wa Masasi. Kwa asili ni Chiwata."

Optatus akapiga makofi.

"Myao! Ntani wangu! Mama Loveness, weka maji jikoni. Wamakonde leo tumekamata!"

Muharami akafumba macho. Kila mtu wa huku anajua kanuni. Mtani wako akikukuta kwenye aibu na kitu chako kikaingia mkononi mwake, kitu hicho si chako tena mpaka utimize atakalotaka. Kubishana unaruhusiwa, kutukana unaruhusiwa. Kukasirika ndiyo mwiko. Ukikasirika, unaongezewa adhabu na kijiji kizima kinakuona huna utu.

"Mtani, nihurumie," akasema. "Kamera hiyo ndiyo maisha yangu. Keshokutwa nina maonyesho hapa hapa Newala."

"Maonyesho ya nini?"

Muharami akakohoa. Kuna wakati mtu anatamani angekuwa muuza vitunguu.

"Ya picha."

"Picha za nini?"

"Za wanaume weusi. Kufundisha watu wasi... wasituogope."

Kuku akapita. Wema akainua kanga akajifunika uso mzima, mabega yanamtetemeka. Optatus yeye hakujifunika kitu. Alicheka akainama, akacheka akashika ukuta, akacheka mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ua kuna nini.

"Na yanaitwaje hayo maonyesho?" akauliza akipata pumzi.

"Tuyaache jina."

"Sema, ntani!"

"Usiniogope."

Ilibidi Wema aingie ndani.

Chai ikaletwa, na mihogo ya kuchemsha. Muharami akala kwa unyenyekevu, mguu mmoja una kobazi, mwingine una makopa. Ndipo Optatus akaigeuza kamera na kuwasha kioo chake.

"Mimi nilikuita, husimami," akasema. "Nikasema basi huyu nimpige, akisimama ajione. Kuna kitufe nilikibonyeza. Tazama."

Muharami akatazama.

Alikuwepo yeye, katikati ya mikorosho. Kobazi likiwa hewani. Mwili umeelekea mbele, kichwa kimegeuka nyuma, mdomo wazi, macho yamemtoka. Alikuwa anamtazama moja kwa moja mwenye kamera, na uso wake ulikuwa umejaa hofu tupu.

Angeweza kucheka, na alikaribia. Lakini uso ule alishauona mahali. Ulikuwa uso wa bibi mmoja wa ghorofa ya juu, katika jengo lile la Ulaya, kila mlango wa lifti ulipofunguka akamkuta Muharami ndani. Bibi alikuwa anaukumbatia mkoba wake kifuani na kugeuka ukutani. Muharami alijaribu kila dawa. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Alipiga miluzi ya nyimbo za watoto. Alinunua sweta la rangi ya waridi, akafanana na keki, na bibi akaendelea kuogopa. Miaka yote hiyo Muharami alitafuta namna ya kuonyesha uso ule kwa picha, watu waone jinsi unavyouvunja moyo wa anayetazamwa hivyo. Hakuupata. Kumbe alikuwa nao mwenyewe, juu ya mabega yake, kila alikokwenda anakwenda nao.

"Unaionaje, ntani?" Optatus akauliza.

"Ni picha nzuri," Muharami akasema. "Nzuri kuliko zangu zote."

Optatus akaacha kucheka. Akafuta unga kwenye kiganja.

"Kucheka nimecheka, maana wewe ni mtani. Lakini nikwambie jambo. Nilikuwa nakuja kukuambia usogee. Upepo ulikuwa umegeuka, salfa inaelekea kwako, ingekuumiza macho. Ukageuka ukanitazama vile. Nikajiangalia mikono, nikafikiri labda nimeshika panga bila kujua."

Muharami aliona aibu, ile ya kweli ambayo haina utani ndani yake.

"Nisamehe, Baba Loveness."

"Nimesamehe. Ila kamera haitoki bure." Mwanya ukaonekana tena. "Sharti langu ni hili. Hiyo picha uisafishe, uitundike pamoja na zako. Mimi na Mama Loveness tutakuja kuiangalia."

"Mtani, mimi nina heshima Masasi!"

"Ulikuwa nayo. Imebaki kule shambani na kobazi."

Akabisha, akabembeleza, akatukana babu zake Optatus hadi wa nne kama mila inavyoruhusu. Haikusaidia. Kamera ikarudi shingoni kwa Muharami, na ahadi ikarudi nayo.

* * *

Sasa ndugu msomaji, ukiambiwa utundike picha ya aibu yako, utaitundika wapi? Siku ya maonyesho, Muharami aliitundika nyuma ya mlango wa ukumbi pale Newala. Na aliisafisha ndogo, saizi ya kalenda ya mfukoni. Ahadi imetimia, hakuna aliyesema ukubwa.

Picha nyingine zilikuwa kubwa, zimejipanga ukutani kwa madaha. Wanaume wa Masasi, wa Tandahimba, wa Newala. Fundi baiskeli, shehe, mwalimu, muuza samaki wakavu. Kila mmoja kavaa shati safi, kila mmoja anatabasamu. Muharami akasimama katikati ya ukumbi na koti la kukodi, akingoja kusifiwa.

Mkewe, Naima, alikuwa amepanda kutoka Masasi asubuhi. Akazunguka ukumbi mara moja, kwa heshima. Kisha akaona watu wamesongamana mlangoni, wanafunga mlango na kuufungua, wanafunga na kuufungua. Akaenda. Muharami akamsikia kabla hajamwona.

"Baba Faidha!" Naima alikuwa ameshika mbavu. "Hata siku nilipopata uchungu wa Faidha hukukimbia hivi kuita gari!"

Hadi mchana mlango ulikuwa umelegea bawaba. Watu walitoka, wakaenda kuita wenzao, wakarudi. Mashine ya kubangua korosho ya jirani ikasimama, mama ntilie akaacha sufuria. Ukutani, shehe na mwalimu walitabasamu peke yao.

Dada Dorothy akafika. Mwanamke mfupi, miwani mikubwa, mtu wa kusema anachofikiri. Akapita picha moja moja, mikono nyuma. Muharami akamfuata.

"Kaka Muharami, hawa watu wote wanatabasamu."

"Ndiyo dada."

"Nani aliwaambia watabasamu?"

"Mimi. Ili wasiogopwe."

Dorothy akavua miwani, akaifuta.

"Wanaonekana kama watu wanaoomba radhi, na sijui wamekosa nini. Samahani, lakini sichukui hata moja."

Muharami akakumbuka mashavu yake yalivyokuwa yanauma kwenye lifti. Akaelewa alichowafanyia wanaume wale. Alikuwa amewavisha wote sweta lake la rangi ya waridi.

"Na kule mlangoni wanacheka nini?" Dorothy akauliza.

"Hakuna kitu, dada. Upepo. Bawaba—"

Dorothy alishafika. Watu wakampisha. Akaitazama picha ile ndogo, akaisogelea, akaitazama tena. Yeye hakucheka. Alisimama pale hadi waliokuwa wanacheka wakaona haya.

"Huyu anayekimbia anamtazama nani?" akauliza.

"Anamtazama aliyepiga," Muharami akasema.

"Ina maana ananitazama mimi. Nimesimama hapa, sijafanya lolote, na mtu ananiogopa." Akashika kifua. "Mungu wangu. Ndivyo mnavyojisikia huko Ulaya?"

"Ndivyo, dada. Kila siku."

Akatoa simu, akapiga picha ya ile picha, akaituma kwa wenye ukumbi wa Ulaya pamoja na kisa chote alichosimuliwa pale mlangoni. Majibu yalikuja chai ikiwa bado ya moto. Dorothy akasoma, uso ukang'aa, kisha ukafifia.

"Wanaitaka. Wataikuza ijaze ukuta mzima." Akataja jiji. Lilikuwa jiji lile lile la lifti. "Ila wanataka na ya pili, ikae ukuta wa mkabala. Yule aliyekutisha. Kavaa kitambaa usoni, mashine mgongoni, kama ulivyomwona. Bila ya pili, hawachukui ya kwanza."

Muharami alijua nini kitatokea. Watu wa jiji lile wataingia, watamwona Muharami anakimbia, watageuka wamwone Optatus kafunga uso. Watasema, si mnaona? Hata wao kwa wao. Halafu wataukumbatia mkoba na kwenda zao nyumbani.

Alijua hayo yote. Na bado mdomo wake ulishatangulia.

"Sawa," ukasema. "Nitampiga leo leo."

Mdomo huo na miguu ile ni vya mtu mmoja, vyote hukimbia kabla mwenyewe hajaamua.

"Utampiga nani, ntani?"

Akageuka. Optatus alikuwa nyuma yake, kanyoa, kavaa suti ya ibada, na Wema pembeni yake kajifunga kitenge kipya. Walikuwa wamesikia kila neno. Muharami akangoja tusi. Akangoja kicheko. Mtani akikutukana, mko salama. Optatus hakutukana, wala hakucheka, na Muharami akaogopa kuliko alivyoogopa shambani.

"Dada," Optatus akamwambia Dorothy, "huko Ulaya, kwenye huo ukuta, watu wataambiwa kwamba nilikuwa nakuja kumwokoa macho?"

"Picha haisemi, kaka. Inatazamwa tu."

"Basi nitasema mimi." Akavua koti, akampa mkewe. "Nipigeni hiyo picha. Nitafunga kitambaa, nitabeba mashine, nitasimama mtakavyo. Ila ikienda, na mimi nakwenda. Nitasimama chini yake na suti yangu. Kila atakayeingia nitamsalimia, mkubwa shikamoo, mdogo hujambo. Waangalie kule ukutani, halafu waniangalie mimi."

Ukumbi ukapiga vigelegele. Dorothy alishaanza kuandika kwenye simu kwa furaha. Naima akamwekea mumewe mkono begani. Kila kitu alichokiota Muharami kilikuwa mbele yake, kimeiva, kinangoja kuchumwa.

Optatus akamgeukia.

"Wewe ndiye umekaa huko, ntani. Niambie kweli. Nikisimama pale nikawasalimia, wataitikia?"

Watu wote wakamtazama Muharami. Angesema ndiyo tu, na mambo yangekwisha. Naima alikuwa ameshajaza jibu hilo usoni kwa niaba yake. Masasi nzima inajua kwamba Muharami alirudi kwa hiari, kwa kukumbuka nyumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia hadithi hiyo, harusi hadi harusi, na kila mwaka aliinogesha zaidi.

Akamtazama Optatus ndani ya shati lake jeupe, akingoja. Akapenda sana kumdanganya. Akashindwa.

"Mtani, keti kwanza," akasema. "Mimi kule sikurudi. Nilirudishwa, mikono imefungwa, kwa kosa la kumsalimia mtu."

Mkono wa Naima ukaondoka begani kwake.